Waokozi Wetu na Jiwe la Lassiter



Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Mijadala ya siasa za nyumbani naifuata nikitoka shifti ya usiku, wakati watu wa Fort Worth wanaamka kwenda kazini na mimi nautafuta usingizi. Leo naomba na mimi nikae jamvini, ila nitaingilia mlango wa uani, maana nataka kuzungumzia kitabu cha kauboi. Najua wapo watakaosema huyu muuguzi kachoka, watu wanajadili Katiba yeye analeta hadithi za farasi. Naomba mnivumilie. Katiba itafika.

Kitabu kinaitwa Riders of the Purple Sage, kimeandikwa na Zane Grey, kilitoka mwaka 1912. Huyu bwana kwa taaluma alikuwa daktari wa meno, kasomea Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaacha meno ya watu wa New York na kwenda kuandika habari za jangwa. Ukiona picha ambayo mtu mmoja kavaa nguo nyeusi, anatokea kusikojulikana na bastola mbili kiunoni kuja kuwaokoa wanyonge, ujue sehemu kubwa ya mtindo ule imepitia kwenye kitabu hiki. Kimetengenezewa sinema mara kadhaa, ya kwanza mwaka 1918.

Nilikutana nacho kwa mgonjwa. Mzee mmoja wa hapa Texas alikuwa anamalizia siku zake nyumbani kwake, na mimi nilikuwa nakwenda kumpa dawa za maumivu na kumgeuza. Macho yalikuwa yamekwisha. Akaniomba nikimaliza kazi nimsomee kurasa mbili tatu za kitabu alichokipenda tangu ujana. Nikakubali, nikijua nakwenda kusoma nini. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kanuni: stelingi hafi. Ukiingia umechelewa unamuuliza jirani "stelingi nani?", akishakuonyesha unatulia, maana unajua yule hata apigwe risasi ngapi mwisho atasimama. Kanuni niliikuta kama ilivyo. Lakini nilikuta na kitu kingine kilichoninyima raha, na ndicho kilichonileta hapa.

Hadithi yenyewe ni hii. Ni mwaka 1871, kusini mwa Utah, kijiji cha Cottonwoods kwenye ukingo wa jangwa. Kuna mwanamke anaitwa Jane Withersteen, Mmormoni, hajaolewa. Kwa baba yake amerithi nyumba kubwa, maelfu ya ng'ombe, farasi ambao hakuna mfano wao, na zaidi ya vyote, chemchemi. Jangwani mwenye maji ndiye mwenye kijiji. Mzee wa kanisa aitwaye Tull anataka kumuoa. Jane hataki. Hapo wanaanza kumbana taratibu: ng'ombe wanaibwa, wachungaji wa mifugo wanaacha kazi mmoja mmoja, wajakazi wake mwenyewe wanageuka wapelelezi. Hakuna anayemtukana, wala anayemgusa. Mkono upo, ila hauonekani. Yeyote aliyewahi kukosana na wakubwa wa kijiji au wa chama kwetu anaufahamu mkono huo, sina haja ya kueleza.

Siku Tull anapotaka kumchapa viboko kijana mmoja rafiki wa Jane, Venters, ndipo anatokea Lassiter. Anatafuta mtu aliyemharibia maisha dada yake. Jane anampenda, na muda wote anajaribu kumshawishi aweke bastola chini. Upande mwingine Venters anakwenda kuwasaka wezi wa ng'ombe, anampiga risasi mpandafarasi mwenye barakoa, anamvua barakoa, anakuta ni msichana. Anaitwa Bess. Anambeba, anamficha kwenye bonde la siri lililozungukwa na majabali, anamuuguza mpaka anapona, na wanapendana.

Kabla sijaendelea niseme kwamba Wamormoni wana kila haki ya kulalamika kuhusu kitabu hiki. Kanisa lao lilitangaza kuachana na ndoa za wake wengi mwaka 1890, miaka 22 kabla kitabu hakijatoka, na Grey kawachora wakuu wake kama genge. Tena hilo jangwa lake linakaribia kuwa la weupe watupu, wakati wanahistoria wengi hukadiria kwamba makauboi wa kweli mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Nenda pale Stockyards, Fort Worth, utakuta sanamu ya Bill Pickett, mweusi wa Texas aliyeanzisha ule mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha dume la ng'ombe kwa kumshika pembe. Watalii wanapiga picha na ng'ombe wenye pembe ndefu halafu wanampita.

Basi nilipokuwa nasoma habari za Bess, uuguzi ukaniingia. Risasi ya kifua, homa, kupoteza damu, hakuna dawa ila maji na mchuzi wa nyama. Mzee akacheka nilipomwambia kwamba huyu msichana kwa hesabu za wodini angekufa siku ya tatu. Lakini lililonisumbua si hilo. Aliyempiga risasi ndiye anayemuuguza. Ndiye anayejua njia ya kuingia na kutoka bondeni. Ndiye mwenye chakula, ndiye mwenye bunduki. Na msichana akishapata nguvu za kukaa, anampenda! Grey hamfanyi Venters kuwa mtu mbaya; ni kijana mpole, anajuta, anakesha. Mimi mwenyewe nilimpenda. Ila kazini kwetu kuna karatasi moja ambayo kila muuguzi wa Marekani anaifahamu: fomu ya mgonjwa kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Mtu mzima mwenye akili zake, hata kama moyo wake unagoma, hata kama mimi nimelia kumbembeleza, akisema anataka kwenda nyumbani tunamweleza hatari, anasaini, anaondoka. Akikataa kusaini anaondoka vilevile. Nilipoanza kazi huku niliiona karatasi ile kama upuuzi. Kwetu mgonjwa analazwa, na mpaka bili ilipwe anaweza kuzuiwa hata maiti yake. Miaka ikanifundisha kuiheshimu. Bila mlango ule, mimi si muuguzi tena, ni mlinzi wa gereza aliyevaa nguo safi.

Sasa twende mwisho wa kitabu. Venters na Bess wanatoroka jangwani kwa farasi wa Jane. Lassiter ameshalipiza kisasi. Nyumba ya Jane inaungua nyuma yao, Tull na watu wake wanawafuata, na Lassiter, amejeruhiwa, anampandisha Jane na mtoto mdogo waliyemlea kuelekea lile bonde la siri. Pale juu ya njia kuna jiwe kubwa mno. Watu wa kale waliokuwa wakiishi kwenye mapango ya majabali waliliacha limesimama kwa kuning'inia, ili siku adui akija walisukume. Likianguka litawasaga wanaofuata, na litaziba njia milele. Hakuna atakayeingia, na hakuna atakayetoka.

Lassiter anasita. Mikono ya mwanamume ambaye hajawahi kusita inakosa nguvu, kwa sababu anajua analomfungia mwanamke huyu. Ni Jane mwenyewe anayepiga kelele kwamba alisukume jiwe, na hapohapo anatamka kuwa anampenda. Jiwe linaanguka. Hadithi imekwisha.

Mzee alitaka ukurasa ule nimsomee mara mbili. Machozi yalimtoka. Nami nilitokwa na machozi, sitadanganya. Halafu nikiwa kwenye gari narudi nyumbani nikajiuliza: nimelia kwa furaha gani? Mwanamke mwenye ng'ombe, farasi, nyumba na chemchemi, amemaliza akiwa hana kitu isipokuwa mwanamume mmoja na shimo lisilo na njia. Na sisi wasomaji kwa zaidi ya miaka mia moja tunaita hilo kuokolewa.

Kesho yake nikamwambia mzee. Akanijibu kwa upole, "Binti, walikuwa wanafuatwa." Ni kweli, walikuwa wanafuatwa. Siwezi kulikwepa jibu hilo, na nitalirudia. Ila mwaka 1915 Grey aliandika mwendelezo, The Rainbow Trail, nami nikautafuta. Miaka imepita. Jane na Lassiter bado wamo bondeni. Na yule adui? Aliingia! Jiwe halikumzuia. Walewale waliotaka kumtawala Jane waliligundua bonde, wakaingia, wakamchukua yule mtoto ambaye sasa ni msichana mkubwa, kwa ahadi kwamba wale wazee wawili hawatauawa. Jiwe lilimzuia nani basi? Liliwazuia waliomo ndani.

Miezi michache baada ya hapo nilikuwa Houston kwa dada mmoja tunayefahamiana tangu nyumbani. Kwa sababu ya usalama wake nimebadilisha mambo mawili matatu, lakini kiini ni hikihiki. Mumewe alimkuta Tanga akiwa anauza vitenge, mtu mwenye duka lake dogo na wateja wake. Jamaa ni raia wa hapa, wa kwetu, kaja zamani, ana nyumba na gari la kueleweka. Harusi ilisemwa mpaka Pangani. Mama yake dada alipiga vigelegele akisema mwanangu ameokoka na shida. Akaletwa Texas. Pasipoti na kadi vikawekwa kwenye kasha la mume "visipotee". Simu ilikuwa kwa jina la mume. Kuendesha gari akaambiwa atajifunza baadaye, na Houston bila gari ni jangwa kuliko Utah, jua linakuchoma kwenye barabara isiyo na hata njia ya miguu. Alipoanza kuuliza maswali, jibu lilikuwa moja: nikipiga simu uhamiaji, kesho uko kwenye ndege.

Wapendwa, mnaona jiwe?

Niseme wazi kwa ajili ya wanaosoma hapa kimya kama nilivyokuwa mimi. Ile simu aliyokuwa anatishiwa nayo si jiwe kubwa kama alivyoambiwa. Tangu mwaka 1994 kuna sheria ya Marekani ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na ndani yake mke au mume anayepigwa au kuteswa na mwenzi ambaye ni raia au mkazi wa kudumu anaweza kuomba makaratasi mwenyewe, kwa fomu iitwayo I-360, bila mwenzi kusaini na bila mwenzi kujua. Aliyepewa kadi ya miaka miwili kwa sababu ndoa ilikuwa changa anatakiwa kwa kawaida aombe pamoja na mwenzi kuondolewa masharti. Lakini kama kuna ukatili, sheria inamruhusu kuomba peke yake. Dallas kuna Human Rights Initiative, Houston kuna Tahirih Justice Center, wote wana wanasheria wa mambo haya. Sheria za uhamiaji zinabadilika, kwa hiyo msikae na maneno yangu kama mimi ni wakili. Nendeni kwa mwanasheria. Lakini msikae na maneno ya mume pia.

Na wanaume msinirukie. Wapo waume wengi waliowaleta wake zao, wakawafundisha kuendesha gari mwezi wa kwanza, wakawapeleka shule, na kadi iko kwenye pochi ya mke mwenyewe. Hao sina ugomvi nao. Walioa, hawakuokoa.

Siku ile ilikuwa tarehe 19 Juni, na dada yule alinipeleka kwenye bustani moja ya mtaa wa Third Ward iitwayo Emancipation Park. Watu walikuwa wengi, nyama zinachomwa, watoto wanakimbia. Wengi wetu tunaifahamu siku hii kama mapumziko ya kitaifa tangu 2021, na watu wa Fort Worth tunajivunia bibi yetu Opal Lee aliyeipigania kwa miguu yake. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alifika Galveston, mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, akatangaza Amri Namba 3 kwamba watumwa wote ni huru. Watu wapatao 250,000 wa Texas. Hapo ndipo hadithi huishia, kama picha la kauboi. Lakini isomeni ile amri yote, ni fupi. Baada ya kutangaza uhuru na usawa, inawashauri hao walioachiwa huru wakae kwa utulivu pale walipo na kumfanyia kazi kwa ujira mtu yuleyule aliyekuwa akiwamiliki, na inawaonya wasikusanyike kwenye kambi za jeshi. Yaani mwokozi amefungua mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amekuonyesha kiti ukae.

Hawakukaa. Mwaka 1872 watu waliokuwa watumwa miaka saba tu kabla, wakiongozwa na mchungaji Jack Yates na wenzake, walichangishana fedha wakanunua ekari 10 za ardhi ili wawe na mahali pao pa kusherehekea siku hiyo. Ndiyo bustani ile. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana mchango ule ni kama yetu ya kila wiki. Sisi wabeba boksi na wauguzi wa Dallas na Houston, mtu akifa tunachanga mpaka mwili unafika Kilimanjaro au Kigoma. Hatumsubiri stelingi. Maiti ingeoza.

Lakini kwenye siasa, ndugu zangu, tunabadilika tunakuwa watoto wa banda la video.

Nitaanza na mimi mwenyewe. Novemba 2015 nilikuwa nashangilia. Rais Magufuli ameapishwa, siku chache baadaye ameingia Muhimbili bila taarifa, amekuta wagonjwa wamelala chini na mashine hazifanyi kazi, amevunja bodi. Mimi muuguzi, niliyewahi kuwaona wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, ningeachaje kushangilia? Akafuta sherehe za Uhuru watu wakafagie mitaa. Akaanza kutumbua majipu. Nilimtumia mama yangu ujumbe: sasa tumempata.

Lile neno jipu lilipaswa kunishtua, maana ndiyo kazi yangu. Jipu ukilitumbua tu linarudi. Unalifungua, unasafisha mpaka chini, unaliacha wazi lipone kuanzia ndani kuja juu, unachunguza ni kijidudu gani, na unamuuliza mgonjwa mwenyewe limemrudia mara ngapi. Ukishaanza kuziba mdomo wa kidonda usaha unarudi ndani kwenye damu. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Septemba 2017 Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kumtaka hata mwenye blogu akate leseni ya mamilioni. Kila hatua tulikuwa na jibu, tukilitoa huku ughaibuni kwa sauti kubwa kuliko walioko nyumbani: mwacheni mzee afanye kazi, maadui ni wengi. Alivyosema kwamba Katiba mpya si kipaumbele chake, tuliitikia. Rasimu ya Tume ya Warioba ilikuwa imeshafanyiwa kazi, Bunge Maalum lilishapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika tena. Mlango ulikuwa pale, nusu umejengwa. Sisi tukapiga kelele kama Jane: sukuma jiwe!

Halafu ikaja 2020. Mimi niko Texas navaa barakoa mbili, nafunga mifuko ya maiti. Takwimu za mwisho za nyumbani zilikuwa hizi: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Shangazi yangu anapiga simu kuniuliza kama nyungu inatosha, na mimi nashindwa kumjibu kwa sababu anaogopa kuongea kwenye simu na mimi naogopa kumponza. Kwa haki yake, marehemu aliwahi kukataa hadharani wale waliotaka aongezewe muda. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Alifariki Machi 2021.

Na sisi tukafanya nini? Tukatafuta stelingi mwingine, papo hapo, filamu haijakatika. Rais Samia akafungulia baadhi ya vyombo vya habari, akaunda kamati ya wataalamu wa corona, Januari 2023 akaruhusu mikutano ya hadhara, Lissu akarudi. Mambo mazuri, niliyapokea kwa mikono miwili. Mama anaupiga mwingi, tuliandika. Katiba? Mama kaahidi, msimharakishe. Wachache waliosema zawadi si haki, kwamba aliyekufungulia mlango kwa hisani anaweza kuufunga kwa hisani hiyohiyo, tuliwaita wenye gubu.

Aprili 2025 Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, ni wangapi likawa jambo la kubishaniwa. Tume ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66. Mimi nilikuwa kazini. Kati ya mgonjwa na mgonjwa nilikuwa napiga namba ya mdogo wangu aliyeko Mwanza, inaita bila kuita. Kila Mtanzania wa Dallas na Houston alikuwa hivyo wiki ile, tunatumiana ujumbe, "umempata nani?" Sitaieleza zaidi wiki ile. Mdogo wangu ni mzima.

Ila jiwe lenyewe halikuangushwa Oktoba. Liko kwenye Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 41(7): Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Lilikuwepo chini ya Mkapa, chini ya Kikwete, chini ya wote tuliowashangilia na tuliowachukia. Wakenya wana mlango hapo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, na nchi haikuanguka. Sisemi Kenya ni peponi, waulizeni vijana wa Juni 2024. Nasema wao wana ile fomu ya kuondoka, sisi tunabembelezana na daktari.

Sasa nilirudie jibu la mzee, maana najua litakuja: walikuwa wanafuatwa. Ufisadi ulikuwa unatufuata, wezi wa madini, mabeberu, vurugu za jirani. Nakubali walikuwepo. Hatari ya Jane ilikuwa ya kweli, na ya dada wa Tanga, ambaye alikuwa anafuatwa na umaskini, ilikuwa ya kweli pia. Mtu mwenye hofu hamuulizi mwokozi wake maswali ya kisheria, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuwa mbali, tumeshiba, tuko salama kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Hatukuwa tunafuatwa na mtu. Tulikuwa watazamaji, na tulitaka picha liishe vizuri.

Mtasema pia, wewe umekimbia nchi, una kadi yako, unatuambia nini. Ni haki yenu. Sijakimbia, nilikuja kutafuta, na natuma kila mwezi kama ninyi. Ila kwa kuwa ninyi mko kwenye hatari na mimi sipo, sitawaambia mwandamane au msiandamane. Ninachoomba ni kidogo: siku atakapotokea anayefuata, na atatokea, awe kavaa nguo nyeusi au za kijani, wa chama tawala au wa upinzani, maana hata Lissu mimi sitaki anitawale chini ya ibara hiyohiyo, tusianze na kumpenda.

Mzee wangu alifariki kabla sijamaliza kumsomea ule mwendelezo. Familia yake ikanipa kitabu cha kwanza, kina alama za vidole vyake kwenye kurasa za mwisho. Safari iliyofuata nikaenda nacho Houston. Dada sasa anaishi chumba chake, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, leseni ya udereva ameipata kwenye jaribio la tatu, na ombi lake liko mikononi mwa wanasheria. Kiingereza chake bado kizito kwa kitabu kile, nikamsimulia jioni nzima huku anasuka nywele zangu. Nilipofika kwenye jiwe nikasimama nimwone atalia au vipi. Hakulia. Aliendelea kusuka, kisha akauliza, "Na ile chemchemi? Mwanamke wa watu alimwachia nani maji yake?"

Nimekisoma kitabu kile mara mbili, na swali hilo halikuwahi kunijia.